Siku mashine ya kufulia ilipomfungia mama mkwe bafuni

Hii habari naandika baada ya kupata kibali cha wife, maana mwanzo aliniambia ikisomwa na mtu wa kwao hata mmoja basi nitafute pa kulala. Sasa imepita miezi, hasira zimepoa, na mwenyewe akiikumbuka anacheka mpaka anashika ukuta, kwa hiyo acha niseme.

Chanzo ni dada wa kazi kurudi kwao kuolewa. Nguo zikaanza kujaa, wife anafua Jumapili mpaka jioni mgongo unakataa, mimi jinzi zangu najifulia mwenyewe na ukweli nilikuwa nazisugua magotini tu. Nikasema bana, mwaka huu tunaingia kwenye teknolojia. Nikaenda Kariakoo nikachukua mashine mpya, kilo 7, ile ya mlango wa mbele wenye kioo cha duara. Muuzaji akaniambia, "Bosi, fundi wetu anakuja kukufungia, elfu 40 tu." Nilimcheka. Elfu 40 ya kuchomeka waya na mpira wa maji? Mimi huyu ambaye dishi la nyumbani nilifunga mwenyewe, peke yangu, juu ya bati? (Ni kweli mvua ikinyesha TV yetu inageuka redio, lakini hilo ni suala lingine.)

Ikaletwa na kirikuu, wakaishusha vijana wanne wanalalamika, mmoja akauliza humu ndani mmeweka mawe? Tukacheka. Nimekuja kujua baadaye kumbe hakukosea sana, ndani mna bonge la zege kabisa, kiwandani wanaliweka ili mashine itulie wakati inazunguka. Itulie. Hilo neno likumbuke.

Nikaiweka koridoni, pembeni ya sinki la kunawia mikono, mkabala na mlango wa bafu. Maji nikatoa hapo hapo kwenye sinki, mpira wa kutolea maji machafu nikauning'iniza kwenye sinki hilo hilo nikaufunga na kamba ya viatu. Umeme nikavuta extension ya elfu 8 kutoka sebuleni, ile ile inayolisha TV. Kwenye boksi kulikuwa na kitabu cha maelekezo, ukurasa wa kwanza kabisa una picha ya mgongo wa mashine na bolti nne na mkono umeshika spana. Kitabu nikawapa watoto wachore. Ila spana niliiona nayo imo kwenye boksi, nikajiuliza hii ya nini, nikazunguka nyuma nikakuta kweli bolti nne ziko pale, nikajijibu mwenyewe: ya kukazia. Nikazikaza. Nilizikaza kwa moyo wote jamani, mpaka mishipa ya shingo ikatoka.

Alhamisi mama mkwe akaingia kutoka Korogwe. Nikampokea stendi ya Magufuli na kapu la machungwa na maharage na kuku mmoja aliyefungwa miguu ambaye njia nzima alikuwa ananiangalia mimi. Jumamosi mchana nikamwona mama anatafuta beseni, ana kipande chake cha sabuni ya mche mkononi, anataka kufua kanga zake. Nikamwambia, "Mama, hapana, hapa umefika mjini, nguo zinafuliwa na mashine." Akasema, "Baba, mimi nimezoea mikono yangu." Nikakataa kata kata. Ujue mkwe ukipata nafasi ya kujionyesha kwa mama mkwe huiachi, mimi miaka sita ya ndoa nilikuwa naitafuta hiyo nafasi.

Nikakusanya kanga zake zote, moja mpya kabisa nyekundu ile ya bado inanukia dukani, nikachanganya na mashati yangu meupe ya kazini na kanzu yangu ya Ijumaa. Droo ya sabuni ina vyumba vitatu, na mimi si mbaguzi, kila chumba nikakipa kikombe cha sabuni ya unga, ile ile ya kufulia kwa mkono maana sabuni ni sabuni. Joto nikaweka 60, nikasema hizi nguo zimetoka safari ndefu. Nikabonyeza. Ikapiga kengele tamuuu, mama akashtuka akasema "inaongea?" nikasema ndiyo mama, hiyo ni salamu.

Mwanzo ikawa ya adabu. Tenki letu liko chini kidogo, maji hayana nguvu, kwa hiyo ilikuwa inakunywa polepole kama mgonjwa anayebembelezwa uji. Watoto wakavuta vigoda wakakaa mbele ya kioo kama wako sinema. Baada ya muda kioo kikawa cheupe pe, nguo hazionekani, povu tupu, na povu likaanza kuchungulia kwenye droo ya juu. Wife akaniuliza hii ndo inavyotakiwa? Nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyesoma kitabu, "Hiyo ndo sabuni inafanya kazi."

Kwenye saa kumi na moja mama akachukua ndoo yake ya maji ya moto akaingia bafuni kuoga. Sasa ujue mlango wa bafu letu fundi aliuweka unafunguka kwa nje, yaani kuja koridoni, kwa sababu ukifungukia ndani unagonga sinki la choo. Mimi nikakaa sebuleni, Simba na Yanga, mpira umeshaanza.

Mashine ikaingia kwenye kukamua.

Kwanza ilinguruma kama bajaji. Halafu kama kirikuu kimebeba kokoto. Halafu nikasikia sauti ambayo mara ya mwisho niliisikia wakati wanajenga barabara ya mwendokasi. Vikombe kabatini vinagongana, picha yetu ya harusi ikaanguka. Jirani akaniita dirishani, "Jirani kuna nini?" nikamjibu, "Mashine mpya hiyo, inazoea mazingira." Nikaongeza sauti ya TV.

Mwanangu wa mwisho, wa miaka mitano, akaja mbio.
"Baba, mashine inatembea."
"Sawa, kaa hapa."
Akarudi kuchungulia, akaja tena.
"Baba, inatembea."
"Inakuja huku?"
"Hapana. Inaenda kwa bibi."

Na nilisikia kabisa hilo neno, sitadanganya, lakini ilikuwa penati. Mpira umewekwa, mpigaji anarudi nyuma, refa filimbi mdomoni… TV ikazima. Pwaa. Na ile kelele ya koridoni ikakata hapo hapo. Kitu cha kwanza nilichowaza ni luku imeisha, nikaanza kulalamika units zinaenda wapi humu ndani, ndipo nikaona ile extension imechomoka ukutani inaburuzwa kuelekea koridoni kama mkia wa mjusi. Mashine ilitembea mpaka waya ukaisha, ikajizima yenyewe. Siku ile mwenye akili nyumba nzima alikuwa ni waya.

Nikaenda koridoni. Ewe Mola. Mashine imetoka kwa sinki, imejipachika kati ya ukuta wa pili na mlango wa bafu kama imepimwa na rula. Mpira wa maji machafu umechomoka na kamba yake ya kiatu, umemwaga chini, povu limejaa mpaka kwenye enka, na lingine linaingia taratibu chini ya mlango wa bafu.

Kimya kidogo. Halafu mlango ukasukumwa toka ndani. Ukagoma. Ukasukumwa tena.
"Nani huyo?" mama akauliza.
Mimi nilipanic, naapa, akili ikaruka, nikajibu, "Shikamoo mama."
Na yeye kwa mazoea akajibu, "Marahaba baba, hujambo," halafu akakumbuka hali aliyomo, "Mbona mlango haufunguki? Na hii nini inaingia huku?"

Kabla sijaeleza akaanza Ayatul Kursi, kwa sauti. Mtu wa Tanga akishaamua kwamba hili ni jini huna hoja ya kumpinga, na ukweli wenyewe kwa upande wake mantiki ilikuwepo: limenguruma, limekuja lenyewe mlangoni, limemfungia, sasa linaingia jeupe chini ya mlango.

Nikasukuma mashine. Ile kitu na zege lake ina kilo kama 70, ongeza maji, ongeza nguo zilizolowa, na mimi niko peku juu ya tailizi zenye povu. Nilianguka mara mbili, ya pili nikashika sinki likalia. Wife akafika kutoka uani, akaangalia koridoni, akaniangalia mimi chini, hakusema kitu. Hiyo ya kutosema kitu ndo mbaya.

Akaenda kuita watu. Wakaja jirani anayefuga kuku, vijana wawili wa bodaboda na mzee mmoja aliyekuwa anapita tu. Mama kusikia sauti za wanaume akapiga kelele, "Asije mwanamume huku! Mimi nina kanga moja tu!" Sasa inakuwaje? Mama mkwe kasema, na mlango wenyewe umeacha mwanya kidogo. Basi ikaamuliwa na yule mzee kwamba wote tugeuke, tumpe mlango mgongo, tusukume mashine kwa makalio. Fikiria wanaume watano wazima wamebanana koridoni, wameegemea mashine ya kufulia kwa nyuma, macho wameyainua darini kama wanasoma dua, miguu inateleza, mzee anahesabu "moja, mbili, harambee!" Mara ya nne ikasogea. Mama akatoka na povu mpaka magotini, akapita nyuma yetu bila neno, tukasikia mlango wa chumba umefungwa. Hakuna aliyegeuka mpaka wife aliposema basi.

Nilidhani imeisha. Baada ya dakika kumi mama akamwita binti yake chumbani, na binti yake akatoka ananitazama. "Mama anasema kwenye pindo la kanga kuna hela."

Shilingi laki na themanini. Amezifunga fundo kwenye pindo kama wanavyofunga wazee wetu, alikuja nazo kununua vitenge vya kikundi chao. Na mlango wa mashine umejifunga, ndani maji yamebaki, nikivuta hautoki, nikirudisha umeme unawaka taa ya kufuli tu. Hapo ndo nikampigia yule muuzaji wa Kariakoo. Fundi wa elfu 40? Yupo bosi, ila Jumamosi jioni ni elfu 60.

Akaja kijana mdogo tu, ana kibegi mgongoni. Hakuhangaika na mlango hata kidogo. Akapiga goti, akafungua kidirisha kilichopo chini mbele, mimi nilidhani ni urembo kile, akavuta kampira kadogo, akaomba beseni. Beseni la mama likatumika. Maji yakaisha, akazungusha kichujio akakitoa, ndani sarafu mbili za mia mbili na kifungo cha shati langu, akaniambia hiki unakisafisha walau mara moja kwa mwezi. Mlango ukalia tak, ukafunguka.

Halafu akazunguka nyuma. Akakaa kimya. "Bosi, hizi bolti mbona hazijatolewa?"
"Za kutolewa?"
Akaeleza, na watu wote bado wapo koridoni wanasikiliza kama mkutano wa mtaa: pipa la ndani linaning'inia kwenye springi na lina shokapu kama gari, zile bolti zinalishikilia lisiumie njiani tu, ukifika nyumbani unazitoa, unaziweka mahali ukihama uzirudishe. Ukiwasha nazo, pipa haliwezi kucheza lenyewe, basi linacheza sanduku zima, na kukamua ni mizunguko mpaka 1200 kwa dakika. Akaweka spana yake, akavuta, haiendi. Akavuta kwa mguu. "Duh, siku hizi kiwandani wanakaza hivi?"

Nikanyamaza. Wife akaangalia ile spana iliyokuwa juu ya friji, akaniangalia mimi, akaangalia spana.

Kuhusu sabuni fundi aliuliza tu "uliweka kiasi gani?" nilipomwambia akacheka mpaka akakaa chini. Inatakiwa ya mashine, isiyo na povu jingi, na ni kidogo tu. Tukaisuuza bila sabuni mara tatu ndo povu likaisha. Mashati yangu yakatoka ya waridi, kanzu ya waridi, Ijumaa iliyofuata msikitini niliulizwa kama nina shughuli. Hela zilikuwa salama, noti 18 za elfu kumi kumi, zenyewe nyekundu tayari hata kanga haikuongeza kitu, mama akazianika kambani na vibanio, akazihesabu, akakaa na kigoda chini yake mpaka zikakauka.

Siku hizi mimi ndo mtaalamu wa ile mashine. Nakagua mifuko, nafuta ule mpira wa mlangoni, naacha mlango wazi isivunde, sabuni napima kwa kijiko. Kilichobaki ni soketi yake ya ukutani, fundi alisisitiza extension si salama, na nitaweka tu, mwezi huu mambo yamebana.

Mama amekuja tena wiki iliyopita. Ameshuka basi na beseni lake jipya kichwani na miche miwili ya sabuni. Jumamosi jioni akachukua ndoo yake, akafika koridoni, akasimama mbele ya mashine. Ilikuwa imezimwa, tupu, mlango wazi. Akaiangalia muda. Halafu akaja sebuleni, akachomoa ile extension ukutani, akaikunja kunja vizuri, akaingia nayo bafuni.

TV ikazima. Ilikuwa dakika ya 80.