Jina la Mhubiri kwenye Hati

Kila nikisoma habari za vyama vya mwanzo vya kutetea haki za wapenzi wa jinsia moja, jicho langu hukwama kwenye jina moja ambalo wengi hulipita mbio: John T. Graves. Alikuwa mhubiri mweusi mjini Chicago. Mwaka 1924 ndiye aliyekuwa rais wa Society for Human Rights, chama cha kwanza cha aina hiyo kusajiliwa nchini Marekani.

Sifa zote humwendea mwanzilishi, Henry Gerber, na wala simnyimi. Alizaliwa Bavaria, akahamia Marekani mwaka 1913, kisha akarudi Ujerumani akiwa na jeshi la Marekani na kukaa Koblenz mpaka 1923. Huko alikuta watu wa hali yake wana vyama na magazeti. Berlin, daktari Magnus Hirschfeld na wenzake walikuwa wakipigania tangu 1897 kufutwa kwa kifungu cha 175 cha sheria ya Ujerumani, kilichowapeleka jela wanaume kwa mapenzi ya jinsia moja. Gerber aliporudi Chicago, akapata kazi posta, akaanza kutafuta wenzake.

Wenye fedha na wenye majina hawakumuunga mkono. Waliobaki naye walikuwa watu wa chini: dobi mmoja aliyeitwa Al, mfanyakazi wa reli ambaye kazi yake ilikuwa mashakani, na mhubiri Graves.

Tarehe 10 Desemba 1924 jimbo la Illinois likawapa hati. Maneno ya hati yenyewe yanauma: chama kiliandikwa kuwa cha kuwalinda watu wanaoonewa kwa sababu ya "kasoro za akili na mwili". Ilibidi wajiite wenye kasoro ili wapigiwe muhuri. Mkenya anaweza kulielewa hilo upesi. Eric Gitari, mwanaharakati wa Kenya, hakuyaficha maneno "gay" na "lesbian" kwenye jina la shirika lake la kutetea haki. Bodi ya mashirika yasiyo ya kiserikali ikamkatalia mwaka 2013, na Mahakama ya Juu ikaja kuamua tarehe 24 Februari 2023, majaji watatu kwa wawili, kwamba kumnyima usajili kulikuwa ubaguzi. Miaka kumi ya kuzunguka mahakamani kwa ajili ya jina.

Sasa mfikirie Graves. Miaka mitano tu kabla ya hati ile, ghasia za rangi za 1919 ziliua watu 38 Chicago, 23 kati yao weusi. Mtu mweusi katika mji huo, tena mwenye waumini wanaomtazama, anakubali jina lake liwe la juu kabisa kwenye karatasi ya serikali. Gerber alikuwa na ujasiri, lakini naamini Graves alikuwa na mengi zaidi ya kupoteza.

Chama hakikufikisha mwaka. Kilitoa matoleo mawili ya jarida lake, Friendship and Freedom. Kumbe Al alikuwa na mke na watoto, jambo ambalo wenzake hawakulijua. Mke akamweleza mfanyakazi wa ustawi wa jamii habari za mumewe. Usiku mmoja wa Julai 1925, kwenye saa nane hivi, Gerber akagongewa mlango. Aliingia mpelelezi akiwa na mwandishi wa gazeti. Walibeba taipureta, karatasi za chama na shajara zake. Kesho yake mahakamani akawakuta Al na Graves nao wamekamatwa. Ushahidi ulioonyeshwa? Kisponji cha kujipakia poda, eti kimekutwa chumbani kwa Gerber. Alikana kabisa kuwahi kutumia poda.

Kesi ilifutwa mwishowe, maana polisi hawakuwa na kibali cha kumkamata. Lakini mawakili walikuwa wameshazila akiba zake, na posta ikamfukuza kazi. Alirudi jeshini. Alifariki tarehe 31 Desemba 1972, katika makao ya wanajeshi wastaafu Washington. Nyumba aliyokuwa akikaa Chicago, mtaa wa Crilly Court, ilitangazwa alama ya kihistoria ya taifa mwaka 2015.

Gerber tunamjua vizuri kwa sababu aliandika kumbukumbu zake mwaka 1962. Humo rafiki yake mhubiri ni "John", aliyekuwa akiwahubiria upendo wa kindugu watu weusi wachache wachache. Sentensi moja. Natamani mno kujua Jumapili ya kwanza baada ya kutoka mahakamani alisimama mbele ya nani, na alihubiri nini.