Kidole Kilichocheza Badala Yangu

Kwenye meza ya 21, ule mchezo wa karata (blackjack) ambao unashindana na mgawaji kuikaribia 21 bila kuizidi, mdomo hauna kazi. Payuka utakavyo, uamuzi wako unasomwa mkononi: ukigonga meza kwa kidole unaongezewa karata, ukipitisha kiganja juu ya karata zako umetosheka. Sababu ni zile kamera za darini. Ubishi ukizuka, picha ndiyo inayokata kesi. Hayo yote nilikuwa nimeyasoma hadi nikayakinai. Ambacho sikukikuta popote ni dawa ya kidole changu cha shahada, ambacho nikipiga hesabu kichwani nacho huanza kugonga. Hugonga kitabu, goti, kioo cha gari, bega la jirani. Mama alishakichapa utotoni, nacho kikaendelea.

Shemeji ndiye aliyeniburuta kasino. Yeye anaamini nyota, mimi naamini namba. Njiani nilimpa somo mpaka akafumba macho. Nikamwambia, shemeji, ukicheza 21 kwa kufuata jedwali, yaani kila mkono ufanye kile hesabu inachosema, kasino hubaki na faida ya karibu nusu asilimia tu ya unachoweka. Michezo yenye huruma kama hiyo mle ndani ni ya kuhesabika. Ila kwanza soma kitambaa cha meza. Kama pameandikwa kwamba ukianza na ree (huhesabiwa 1 au 11) na karata ya 10 (za picha nazo ni 10) unalipwa 3 kwa 2, kaa. Ukiona 6 kwa 5, pita, maana hapo wamejiongezea asilimia 1.4 hivi kimyakimya. Kwa tokeni 10, ya kwanza inakupa 15, ya pili 12. Basi tukazunguka ukumbini, mimi nimeinamia vitambaa kama mnunuzi wa mazulia, shemeji nyuma anawaomba radhi watu niliowasukuma.

Tukapata meza ya 3 kwa 2, imebakiza kiti cha mwisho, kile kinachotangulia zamu ya mgawa karata. Wazoefu wanakikimbia. Wanaamini kwamba karata unayoichukua au kuiacha hapo ndiyo inayoamua mgawaji apate nini, kwa hiyo lawama za meza nzima zinaishia kwako. Kihesabu huo ni ushirikina: kabla karata haijafunuliwa, kuiondoa kunaweza kuwaponya wenzako au kuwamaliza, na huna namna ya kujua. Nikakaa kifua mbele. Shemeji akasimama nyuma yangu.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Nikapata 16 mbele ya 10 ya mgawaji, mkono mchafu kuliko yote. Karata 8 kati ya kila 13 zitakuvusha 21, lakini kusimama nako ni kubaya zaidi kidogo. Nikaomba, nikazidi, nikamweleza shemeji kwamba nimepoteza kwa usahihi. Mgawaji alipoanika ree, shemeji akadakia, "Kata bima, shemeji!" Nikakataa. Bima, yaani dau la pembeni kwamba mgawaji ameshapata 21, inalipa 2 kwa 1, kwa hiyo ili isikule inataka mgawaji awe na 10 chini mara moja katika kila tatu. Karata zenye thamani ya 10 ni 4 kati ya kila 13, hazifiki hata asilimia 31. Shemeji akaguna.

Kisha nikapata 18. Mgawaji anaonyesha 6. Hapo hakuna cha kuwaza, unasimama. Ila shemeji akaninong'oneza, "Kwani ukiongeza inakuwaje?" Na mimi swali la hesabu sijawahi kuliacha lipite. Nikaanza kumchambulia: zinazonifaa ni ree, 2 na 3, hizo ni 3 kati ya 13, zinazonizika ni 10 kati ya 13, asilimia 77 hivi...

Tak, tak, tak.

Dada mgawaji akanitazama kwa mshangao, kisha akanitupia karata. Ilikuwa 3. Nina 21.

Mtu mmoja akapiga makofi. Dada akafunua karata yake ya chini, 10, jumla 16. Akavuta 5. Naye 21. Mimi sare, nikarudishiwa changu. Jirani yangu, mzee mmoja mwenye miwani, alikuwa na 20 na tokeni nyingi mbele yake. Zikachukuliwa zote.

"Ile 3 ilikuwa ya mgawaji," akasema. "Angeishia 19. Mimi ningelipwa."

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniudhi. Nikaanza kumweleza kwa adabu zote kwamba, mzee wangu, mambo ya uwezekano huyatazami ukiwa umeshaiona karata...

"Kijana, nyamaza."

Nikanyamaza. Kidole nikakipa adhabu yake: nikaukalia mkono mzima wa kulia, nikawa nacheza kwa wa kushoto. Suluhisho safi kabisa, nikaona. Mambo yakatulia hadi nilipopata 11, mgawaji tena na 6. Hii ndiyo tunayoiombea. Unaongeza dau maradufu, kwa sababu mgawaji mwenye 6 huzidi karibu mara 42 katika kila 100, na wewe huwezi kuzidi kwa karata moja hata ukitaka. Nikanyoosha mkono wa kushoto kwenye tokeni. Wakati huohuo bwana mmoja akapuliza moshi wa sigara usoni mwangu. Nikaupunga.

Kwa kiganja. Juu ya karata zangu.

"Dada, sijasimama!" Amekwisha kufunua karata yake.

"Kaka, umepitisha mkono."

Msimamizi akaitwa, akapiga simu kwa watu wa kamera, tukasubiri meza nzima. Jibu likaja: mkono umepita, uamuzi unabaki. Nikasimama na 11, jambo ambalo hata mlevi halifanyi. Mgawaji alikuwa na 16. Akavuta 9, akafika 25, akaungua. Meza yote ikalipwa, pamoja na mimi na aibu yangu ya 11.

"Huyu anaziona karata," mzee akamwambia mwenzake, wala hakujisumbua kushusha sauti.

Msimamizi hakuondoka. Akasimama upande wangu, mikono nyuma, ananitazama. Hapo nikiri, nilifurahi. Nikajua wamenishtukia kwamba nahesabu karata. Na kweli nilikuwa nahesabu: 2 hadi 6 unajumlisha moja, 10 na ree unaondoa moja, 7 hadi 9 unaziacha. Jumla ikipanda, karata kubwa ndizo zilizobaki, na hapo mchezaji ndiye anapata upenyo. Mwanahisabati Edward Thorp aliyathibitisha hayo miaka ya 1960 mwanzoni, na tangu hapo wenye kasino hawajalala vizuri. Kuhesabu kichwani si wizi, ila wengi wao watakuonyesha mlango. Nikajiweka sawa. Nilishaanza kutunga nitakavyowasimulia watu nilivyofukuzwa.

"Kaka," akasema kwa upole, "mkono wako wa kulia uko wapi?"

Kumbe kule juu walikuwa wanamtazama mtu aliyeficha mkono chini ya paja muda wote wa mchezo wa karata. Nikakunja mikono ya shati, nikaonyesha viganja, nikainuka, kiti kikakaguliwa. Shemeji naye akakaguliwa, kwa ujirani.

"Na hiyo hesabu unayoisema kwa midomo," msimamizi akaongeza, akionyesha mashine pembeni ya mgawaji, "karata zikitumika zinarudi humo zinachangwa upya, kila mkono. Lakini hatukukatazi."

Nikakaa. Nina 20, mkono mtamu. Nikaambiwa mikono yote miwili ibaki mezani. Nikautua ule wa kulia, na ndipo ganzi ilipoanza kuachia. Aliyewahi kukalia mkono anajua: vidole vinaanza kucheza ngoma yake.

Tak, tak, tak, tak.

"Una uhakika?" dada akauliza. Nikatikisa kichwa kwa nguvu. Yeye alikuwa anatazama mkono.

Ukiwa na 20 ni ree peke yake inayokuokoa, moja kati ya 13. Ikaja 4. Mzee akavua miwani, akaifuta, akaniambia "pole, kijana" kwa furaha kubwa.

Shemeji akanishika kiwiko, akanihamishia bakarati, mchezo mwingine wa karata. Kule mchezaji haamui chochote. Karata za pande mbili, Benki na Mchezaji, zinavutwa kwa kanuni, wewe unaweka dau kwa upande mmoja au kwa Sare na kutulia. Nikamwambia tuweke kwa Benki, maana hata baada ya kukatwa asilimia 5 ya ushindi, faida ya kasino hapo ni asilimia 1.06. Kwa Mchezaji ni 1.24. Sare tusiiguse: inavutia kwa kulipa 8 kwa 1, lakini pale wanakula zaidi ya asilimia 14. Nikanyoosha mkono wenye ganzi. Tokeni zikaniponyoka, zikaserereka, zikatua kwenye Sare. Dau zikafungwa.

Benki 7, Mchezaji 6.

"Shemeji," akasema, "nipe hizo zilizobaki. Wewe taja namba, mimi nitaweka. Mikono yako itie mfukoni."

Nikaitia mfukoni. Msimamizi akaanza kuja tena.