Ndugu mteja, meseji ya mama wa mkaa iko wapi?

Jumamosi jioni nilikuwa Mbagala, Dar es Salaam, kwenye banda la mama mmoja ninayenunua kwake mkaa. Tukapatana bei, akanichagulia gunia, na wakati analivuta kitochi chake, ile simu ndogo ya vitufe, kikalia. Akakitoa kwenye khanga, akakitazama, akasonya, akakirudisha. Nikamtumia hela yake. Yangu ikaingia papo hapo: muamala umekamilika, makato haya, salio hili, asante kwa kutumia huduma yetu.

"Sijaona meseji, mwanangu."

"Imetoka mama, hii hapa."

"Ya kwako naiona. Ya kwangu ndiyo sijaiona."

Na kabla hujaanza kumlaumu, ana haki. Wafanyabiashara wadogo wa mji huu wameshaonyeshwa kila aina ya meseji. Kuna vijana kazi yao ni kutunga meseji ya muamala ikafanana na ya kweli hadi nukta, wakakuonyesha kioo cha simu wakaondoka na mzigo. Mama hawezi kuachia gunia kwa kuamini kioo changu. Anaamini cha kwake tu. Basi tukasubiri. Nikapiga 100, nikasikilizishwa matangazo ya bando, nikabonyeza hiki na kile, mwisho nikapata binadamu akaniambia nimwambie mpokeaji azime simu awashe. Akazima, akawasha. Kimya. Giza linaingia, wateja wengine wanafika, mimi nimesimama pale na sura ya tapeli.

Aliyetuokoa ni kijana wa banda la jirani, fundi redio. Alikichukua kitochi, akatazama juu ya kioo, akacheka. "Mama, simu imejaa. Huoni kibahasha kinamemeta?" Akaanza kufuta. Tangazo, tangazo, kubeti, tangazo, "umechaguliwa", mganga wa nyota, tangazo. Alipofuta vya kutosha kitochi kikaanza kulia mfululizo, na meseji ya hela yangu ikiwa humo. Kati ya alizofuta, ile ya mwisho kuingia kabla simu haijajaa aliisoma kwanza kwa sauti. Ndiyo ile iliyomfanya mama asonye wakati anavuta gunia: ndugu mteja, cheza sasa ushinde bodaboda. Tangazo la mtandao wenyewe lilikalia nafasi ya mwisho iliyobaki kwenye simu ya mteja, na meseji ya pesa yake ikabaki mlangoni.

Nimelifikiria jambo hili tangu Jumamosi na hasira haijapungua, kwa hiyo mtanivumilia.

Meseji haitoki simu kwenda simu moja kwa moja. Inakwenda kwanza kwenye kituo cha meseji cha mtandao, inahifadhiwa pale, kisha kituo kinajaribu kuifikisha. Simu ikiwa imezimwa au haina mtandao, inangoja. Simu ikiwa imejaa, yenyewe inakiambia kituo kwamba sina nafasi, na kituo kinaishikilia mpaka ipatikane. Ikingoja mno, muda wake unaisha, inatupwa, na wewe mwenye simu hutaambiwa kwamba palikuwa na kitu. Kwenye simu janja yenye nafasi ya kuhifadhi sinema nzima hutakaa uligundue hilo. Lakini vitochi vina nafasi ndogo ya meseji, na tangazo refu linakatwa vipande viwili au vitatu, kila kipande kinakula nafasi yake.

Sasa tuhesabu pamoja nani anatumia kitochi nchi hii. Mama wa mkaa. Mama yako kule kijijini. Mlinzi wa geti lako. Mvuvi ambaye simu janja ikidondokea majini ni hasara ya msimu mzima. Hao ndio ambao hawana programu ya kufungua wakaangalia orodha ya miamala. Kwao meseji ndiyo risiti, ndiyo daftari la duka, ndiyo ushahidi mbele ya mjumbe wakidaiwa. Mwenye simu janja akiletewa matangazo anakereka. Mwenye kitochi akiletewa matangazo yale yale anafungiwa mlango wa pesa zake. Halafu kampuni ile ile inayomfungia ndiyo inayomkata ada ya muamala.

Msiniambie eti mama angefuta meseji zake. Nimeshaambiwa hivyo na rafiki yangu anayefanya kazi kwenye ofisi zenye kiyoyozi, na karibu tukosane. Mama anasoma tarakimu vizuri kuliko mimi na wewe. Hesabu ya mkaa haimpigi chenga. Ila menyu ya kitochi chake si rafiki, na ameshawahi kufuta meseji ya hela akidhani anafuta tangazo, kwa hiyo sasa hafuti kitu mpaka mjukuu wake aje. Wa kulaumiwa ni mama, au ni anayemwaga taka sebuleni kwake kila asubuhi halafu anamwambia afagie?

Na hapo ndipo wanaponiudhi zaidi, maana uwezo wa kurekebisha wanao. Mtandao unaijua meseji ya muamala na unalijua tangazo, kwa sababu zote mbili umeziandika wenyewe! Tunaomba tu anayetuma bahasha zote mbili atangulize ile yenye risiti, na ile ya bodaboda asiitume kabisa kwa mtu ambaye hakuiomba.

Mnakumbuka Januari 2020? Tulivyopanga foleni za vitambulisho vya taifa, NIDA, tangu alfajiri, tukatoa vidole, na ilipofika tarehe 20 laini ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole zikaanza kuzimwa. Waliweza kututambua laini kwa laini, nani kasajili na nani bado, na kumfungia kila aliyebaki. Hayo yote mfumo uliruhusu. Leo mimi nikipiga simu nikasema naomba laini hii isitumiwe matangazo, naambiwa niendelee kuvumilia, ni ya wateja wote, mfumo hauruhusu. Mfumo wetu una tabia ya kuchagua siku za kuruhusu.

Kuna msomaji hapo ameshashika kalamu aniandikie: hama mtandao. Ni kweli, tangu Machi 2017 unaweza kuhama na namba yako ukabaki nayo, na ni jambo zuri. Nimehama. Nimekuta ndugu wengine wa mteja kule wananisubiri kwa hamu, na wao wana bodaboda ya kushindaniwa.

Nikubali moja, ingawa sipendi. Meseji yenyewe kama teknolojia haina mpinzani. Mwaka jana nilikuwa milimani Lushoto mvua ikinyesha, WhatsApp ikizungusha kiduara mpaka betri inalia, na meseji ya kawaida ikapita kwa kijistari kimoja cha mtandao. Ndiyo uzuri wake: inapita kwenye njia nyembamba ambayo simu na mnara huitumia kusalimiana hata ukiwa hupigi simu. Ilianza hivyo hivyo kwa unyenyekevu. Tarehe 3 Desemba 1992 kijana wa Kiingereza, Neil Papworth, aliketi kwenye kompyuta akamtumia Richard Jarvis wa Vodafone heri ya Krismasi. Jarvis hakuambiwa acheze sasa ashinde chochote. Angeambiwa, nadhani huduma ingekufa siku ile ile.

Nikubali na la pili, haraka haraka: matangazo mengine si ya mitandao. Ni ya kampuni za kubeti, ya taasisi za mikopo ambayo sijawahi kuikopa, ya shule inayoniita mzazi mpendwa wakati sina mtoto pale. Lakini namba yangu waliitoa wapi? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, tuna na tume yake. Kila meseji ya kubeti inayoingia saa tano usiku ni swali kwa tume hiyo. Na meseji hizo zinapita kwenye kituo cha nani? Kila moja ina anayeilipia na kuna anayelipwa. Msafirishaji asijifanye hajui kilichomo kwenye gari.

Nikiwa hapo hapo, kuna hili dogo la bei ambalo najua wengi hamlijui. Meseji moja ina nafasi ya herufi 160. Kiswahili chetu kinaenea humo bila shida, hatuna herufi za ajabu. Ila simu nyingine za kisasa ukiandika ng'ombe zinakuwekea ile alama ya juu iliyopinda kama mkia, badala ya iliyonyooka. Iliyonyooka imo kwenye orodha ya herufi za meseji, iliyopinda haimo. Basi kwa ajili ya kimkia hicho meseji nzima inabadilishiwa mfumo na nafasi inashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Ukiweka na kikatuni cha kucheka ni hivyo hivyo. Mjomba wangu Singida anafuga. Kila tukiandikiana kuhusu mifugo yake, bando la meseji linaisha kwa kasi ambayo hajawahi kuielewa. Alikuwa anadhani anaibiwa. Haibiwi, ila hakuna "ndugu mteja" hata mmoja aliyewahi kumweleza. Meseji za kutueleza bahati nasibu zipo, za kutueleza tunavyokatwa hazipo.

Namba za siri za muda ambazo benki hututumia kwa meseji sizigusi, maana nitatukana. Inayotakiwa ndani ya dakika chache inafika imeshakufa, ukiomba nyingine zinakuja tatu kwa pamoja, ukiingiza isiyo yenyewe unafungiwa akaunti. Basi.

Turudi kwenye la msingi. Wenzetu wa India walikuwa na balaa hili kutuzidi, wakaweka namba moja kwa mitandao yote, 1909. Unatuma ujumbe mfupi kwenye namba hiyo, unaandikishwa kwamba hutaki matangazo, na anayekutumia baada ya hapo anavunja kanuni. Wakapiga marufuku pia matangazo ya usiku. Na meseji ya muamala kule inatambulika tofauti na ya biashara tangu inapotumwa. Hawajamaliza tatizo, najua, matapeli wa India nao wana akili. Lakini mwananchi ana mahali pa kusema sitaki.

Na kwetu njia ya namba moja kwa wote si ngeni. 100 ni huduma kwa wateja, mtandao wowote. *106# unaangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, mtandao wowote. 15040 unaripoti yule tapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", mtandao wowote. TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, iliwaketisha wakubwa wote meza moja wakakubaliana kila mara, kwa hiyo ikiwaita kwa ajili ya hili watakuja. Nataka namba fupi moja, ya bure, inayofanya kazi kwenye kitochi, kwa Kiswahili, ambayo mama wa mkaa akituma neno SITAKI matangazo yanakoma yote: ya mtandao, ya kubeti, ya shule isiyo na mtoto wake. Yasipungue. Yakome. Anayetaka bodaboda aombe mwenyewe kutumiwa, kwa hiari yake, akiwa na akili zake timamu.

Na muamala uwe na namna ya pili ya kumfikia mpokeaji asiye na nafasi. Ile meseji inayojitokeza juu ya kioo bila kuhifadhiwa ipo tangu zamani. Nyie wa mitandao mnaitumia kutuambia salio limeisha. Mkitudai mnaijua vizuri sana. Itumieni na pale mama anapolipwa.

Lalamiko nimeliandika na kulipeleka kwa kampuni, kwa sababu utaratibu unataka uanze kwa mtoa huduma kabla ya kwenda TCRA. Nimeeleza kisa chote, gunia, saa, kibahasha kinachomemeta. Nimepewa namba ya kumbukumbu na ahadi ya kupigiwa. Wasiponipigia, hatua inayofuata naijua, na nitalipeleka lalamiko TCRA pamoja na majina ya majirani zangu wenye vitochi walioniambia wako tayari kuandika yao. Mama wa mkaa ni wa kwanza. Amesema tu nimwandikie mimi, yeye ataweka dole gumba, maana vidole vyake wanavyo tayari.