Tangi la Tatu, Kapasita Hakuna

Kijijini kwetu tumekaa siku 11 bila maji ya bomba. Siku ya 10 kamati ya maji iliketi, na ajenda ilikuwa tangi la tatu: liwekwe wapi, lipakwe rangi gani. Niliudhika mpaka nikatoka nje ya kikao.

Pampu ya kisima ni nzima. Ukiiwasha inanguruma kidogo, kisha swichi inajizima. Kilichokufa ni kapasita, kidude cha ukubwa wa betri ya redio kwenye kisanduku cha ukutani; bei yake haifiki ya kuku. Bila hicho mota haipati nguvu ya kuanza kuzunguka. Mama yangu, mwenye miaka 72, amekuwa akinunua maji ya mkokoteni.

Tunapima umuhimu wa kifaa kwa bei yake, au kwa jinsi kinavyoonekana kutoka barabarani. Mwaka 1969 mwanahisabati Z. W. Birnbaum alieleza kipimo kingine: chukua uwezekano wa mfumo kufanya kazi kifaa kikiwa kizima, utoe uwezekano wa kufanya kazi kikiwa kimekufa. Kinachobaki ndicho umuhimu wake. Tuseme kila moja ya matangi yetu mawili lina uwezekano wa 0.9 wa kuwa zima, na vingine vyote ni vizima. Tangi moja likipasuka, lingine lipo, kwa hiyo umuhimu wa kila tangi ni 1 kutoa 0.9, yaani 0.1. Kapasita haina mwenzake. Ikiwa nzima, tunapata maji isipokuwa matangi yote mawili yafe pamoja: uwezekano wa 0.99. Ikifa, hakuna tone: 0. Umuhimu wake ni 0.99. Na hilo tangi la tatu linasogeza uwezekano wetu wa kupata maji kutoka 0.99 hadi 0.999 tu!

Juni 7, 2016, tumbili alianguka juu ya transfoma moja pale Gitaru, kituo cha kuzalisha umeme nchini Kenya. Mitambo mingine ikazidiwa, zaidi ya megawati 180 zikapotea, na Kenya nzima ikaingia gizani.

Haya, nakubali kwamba kipimo cha Birnbaum hakisemi kifaa chenyewe hufa mara ngapi, na matangi hutufaa stima ikipotea. Lakini tangi lijazwe na nini?

Jana fundi alikuja na kapasita mbili. Moja ameifunga, na maji yakatoka kabla chai yake haijapoa. Ya pili iko kabatini kwa mama, ndani ya mfuko wa plastiki, na kila mwanakamati nimempigia simu kumwambia ilipo.