Jeni za mafuta: asilimia ya mbegu na kilo za shambani

Ikitangazwa kwamba jeni fulani imeongeza mafuta ya mmea unaolimwa kwa ajili ya dizeli, namba inayotajwa karibu kila mara ni asilimia ya mafuta ndani ya mbegu. Mkulima havuni asilimia. Tuseme shamba linatoa tani 3 za mbegu kwa hekta, zenye mafuta asilimia 40: hizo ni kilo 1,200 za mafuta. Mbegu mpya ikifika asilimia 44, lakini mavuno yakashuka kwa asilimia 15, zinabaki kilo 1,122. Jeni imefanya kazi yake, na hekta imepoteza.

Hasara hiyo ina sababu. Gramu moja ya mafuta hubeba takriban kilojuli 37, ya wanga kama 17, na vyote hutengenezwa kwa sukari ileile inayotoka majanini. Mafuta yakiongezeka, lazima kitu kingine kipungue. Huko Illinois, Marekani, tangu 1896 mahindi yalichaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa kigezo cha mafuta tu. Yalipanda kutoka karibu asilimia 5 hadi kukaribia 20, lakini punje zikawa ndogo na wanga ukapungua.

Wanaotetea uhandisi jeni wana hoja nzito, kwa sababu njia ya mafuta sasa inajulikana hatua kwa hatua. Jeni iitwayo WRI1 huwasha jeni nyingine zinazogeuza sukari kuwa asidi za mafuta. Nyingine, DGAT1, huunganisha asidi ya tatu kwenye gliseroli, kiini kinachobeba asidi tatu za mafuta, na hapo mafuta yanakamilika. Oleosini, protini, huyafunika matone ya mafuta yasivunjwe, na SDP1 ndiyo huyavunja mmea unapohitaji nishati. Mwaka 2014 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya tumbaku iliyopewa WRI1, DGAT1 na oleosini ya ufuta: mafuta yalizidi asilimia 15 ya uzito mkavu wa jani, sehemu ambayo kwa kawaida haiweki akiba ya mafuta ya maana. Ni kazi ya kuheshimika. Hata hivyo, wanga wa majani hayo ulipungua, na jani huutegemea wanga huo kupita usiku.

Kwa upande wa ubora, mafuta ya kamelina, mmea wa mbegu za mafuta, yana asidi ya linoleniki (aina mojawapo ya asidi za mafuta) kama theluthi moja, ilhali kiwango cha Ulaya cha dizeli ya mimea kinaruhusu asilimia 12 tu, maana asidi hiyo huoza haraka ikikutana na hewa. Kuizima FAD2, jeni inayoanzisha safari ya kutoka asidi ya oleiki kuelekea linoleniki, huyaacha mafuta kwenye hatua ya oleiki, yanayodumu zaidi. Tatizo ni kwamba kamelina ina nakala tatu za kila jeni. Ukikata moja, zilizobaki huziba pengo; ukizikata zote kwa CRISPR, zana ya kuhariri jeni, mmea hudumaa, kwa kuwa utando wa seli za mizizi na majani nao unaihitaji FAD2. Dawa yake ni kukata nakala mbili na kuiacha moja, au kuizima jeni ndani ya mbegu peke yake.

Kwa maoni yetu, faida kubwa iko mahali ambapo jeni haiudai mmea sukari zaidi. Mchikichi ndio ushahidi. Aina ya dura ina kokwa lenye gamba nene, pisifera haina gamba na mara nyingi haizai, na chotara wao, tenera, ana gamba jembamba. Nafasi ya gamba huchukuliwa na nyama, hivyo tenera hutoa mafuta takriban asilimia 30 zaidi ya dura. Jeni inayoamua hilo, SHELL, ilitambuliwa 2013. Kipande cha jani la mche sasa kinatosha kuwabaini dura kitaluni, badala ya kungoja miaka mitatu au zaidi matunda yaonekane. Jeni hiyo pia inaeleza kwa nini mbegu za kuokota chini ya tenera hazifai kupandwa: tenera wakichavushana, robo ya miche huwa dura na robo pisifera.

Lakini mchikichi huohuo unatoa onyo. Miche iliyozalishwa maabara kutoka kwenye tishu za mti bora ilizaa, kwa baadhi yao, matunda yenye kasoro yanayokauka bila mafuta. Mwaka 2015 chanzo kilipatikana: alama za kemikali zilikuwa zimefutika kwenye kipande cha DNA kiitwacho Karma. Herufi za jeni zilikuwa zilezile, kwa hiyo kipimo cha kusoma herufi peke yake hakiwezi kuiona kasoro hiyo.

Mbono kaburi (jatropha) ulikosa hata hatua ya kwanza, ya kuboreshwa kama zao. Ulipandwa kwa wingi miaka ya 2000 ukiwa karibu mmea wa porini: maua ya kike machache, matunda yanayoiva kwa nyakati tofauti na kumlazimu mvunaji kurudi mara kadhaa, mashudu yenye sumu. Mbegu nyingi za Afrika na Asia zinakaribiana mno kinasaba, hivyo kuchagua kati yake hakusogezi mbali. Utofauti uko Mexico na Amerika ya Kati, ikiwemo mibono isiyo na sumu. Kuongeza DGAT1 kwenye mmea wa namna hiyo kabla ya kurekebisha maua yake ni kuanza na paa. Anayeuza mbegu mpya ya mbono aulizwe kwanza uwiano wa maua ya kike kwa ya kiume, idadi ya mizunguko ya kuvuna, na kilo za mafuta kwa hekta katika misimu isiyopungua mitatu, ukiwemo wa ukame.