Hilo Sikio Halijafa

Mtaani kwetu Makorora, hapa Tanga, kuna kijana ambaye kila mtu ana jina la kumwita. Mkorofi. Nuksi. Mtoto aliyeshindikana. Wazee barazani wakimwona anapita husema sikio la kufa halisikii dawa, kisha hurudi kwenye kahawa yao. Ana miaka 26 na yuko gerezani kwa mara ya tatu: kwanza alimpiga mwenzake chupa, kisha akamjeruhi mke aliyekuwa ameshaachana naye, safari hii kachoma banda la mjomba wake. Katikati ya hayo amejikata mikono mara nyingi. Majeraha mengine nimeyashona mwenyewe, maana mimi ni muuguzi.

Jioni moja mama yake alikuja kwangu, hakutaka hata kukaa. "Mwanangu, hospitali wamempima wamesema hana kichaa. Kwa mganga nako wamesema hana jini. Sasa nimpeleke kwa nani?"

Nilikosa jibu, na ndiyo sababu naandika.

Kijana huyu ana tatizo la haiba, yaani la nafsi na mwenendo wake. Hasikii sauti, haoni visivyokuwepo. Kilichoumia ni namna anavyojiona na anavyoishi na watu. Akipendwa anaogopa kuachwa, akiogopa anapiga, akishapiga anajichukia na kushika wembe. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, ulioanza kutumika mwaka 2022, unalipima tatizo hili kwa uzito wake, kuanzia dogo hadi kali, badala ya kuanza na lile rundo la majina ya zamani. Naupenda mtazamo huo. Uzito unaweza kupungua. Jina ukishabandikwa unazikwa nalo.

Sasa tazama sheria. Mahakama ikiwa na shaka juu ya akili ya mshtakiwa, huagiza achunguzwe, na watu wengi huishia Isanga, taasisi ya wahalifu wenye ugonjwa wa akili kule Dodoma. Ripoti inatakiwa ndani ya siku 42. Linaloulizwa zaidi ni kama alielewa alitendalo. Huyu alielewa. Basi ni mzima, afungwe. Kifungo chenyewe sikipingi: yule mke ana kovu shavuni na haki yake ni haki. Kinachoniuma ni kwamba neno "mzima" limegeuka komeo la mlango wa tiba. Anaingia gerezani na hasira yake, anatoka nayo imekomaa.

Na tiba ipo. Haimo kwenye kidonge. Dawa zaweza kuleta usingizi au kutuliza huzuni, haiba hazigusi. Kule Marekani, mwanasaikolojia Marsha Linehan alitengeneza tiba ya kumfundisha mtu kuvuka wimbi la hisia bila kujikata wala kupiga, na mwaka 1991 akatoa utafiti ulioonyesha kuwa wanawake walioipata walijidhuru kidogo kuliko wenzao. Baadaye, mwaka 2011, alisema hadharani kwamba ujanani yeye mwenyewe alilazwa kwa kujidhuru. Uingereza kuna gereza la Grendon, lililofunguliwa mwaka 1962, ambako wafungwa wa makosa mazito huomba wenyewe kwenda. Hukaa kwenye vikundi, huulizana maswali magumu, na anayepiga mtu hujua anaweza kuondolewa kwa kura ya wenzake. Waliovumilia miezi 18 na zaidi walionekana kurudia makosa kwa kiasi kidogo. Miezi 18! Sisi tunampa mtu dakika kumi na karatasi ya dawa za usingizi.

Nitaambiwa hayo ni ya nchi zenye fedha. Lakini mkoa huu huu una Lutindi, kule milimani Korogwe, hospitali inayopokea wagonjwa wa akili tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na kazi za mikono na shamba ni sehemu ya tiba yake. Kukaa na mtu muda mrefu, kwa utaratibu usioyumba, si jambo la kuagiza kwa meli. Tunahitaji wauguzi na askari magereza waliofundishwa kusimama palepale: wasimpige, wasimbembeleze, wasimkimbie. Na kliniki ambayo akitoka gerezani atamkuta mtu yuleyule aliyezungumza naye akiwa ndani, kwa sababu kuachwa ndiko kunakomwasha.

Kusimama palepale ni kugumu, nakiri. Nilishawahi kusema mbele yake, nikiwa na sindano ya kushonea mkononi, kwamba anatafuta tu kuonewa huruma. Aligeuza uso ukutani. Wiki mbili baadaye alirudi na jeraha refu zaidi. Tangu siku ile nikimshona huwa namuuliza kilichotokea saa moja kabla ya wembe, na hujibu. Pole pole, kwa maneno machache, lakini hujibu.

Atatoka baada ya mfungo. Mama yake ameshaanza kuhamishia visu kwa jirani, na ameniuliza kama naweza kwenda naye kumpokea getini. Nimemwambia nitakwenda.