Mchemraba wa Ubuyu

Sikuwa hata mjumbe wa kikao kile. Kicheni pati ni shughuli ya wanawake, mimi nilipita sebuleni kutafuta rimoti tu. Ila ndipo mjumbe mmoja akasoma gharama ya viboksi vya zawadi, vile vya karatasi ambavyo mgeni anaondoka navyo mkononi, nami nikacheka kwa sauti.

"Kwa karatasi? Karatasi iliyokunjwa?"

Shangazi akaniangalia kwa juu ya miwani. "Wewe unaweza?"

Jamani, mimi nafundisha hisabati darasa la sita. Mchemraba nimeuchora ubaoni miaka kumi na moja. Nikajibu kwamba viboksi vya kicheni pati ya mdogo wangu nitavitengeneza mwenyewe, vyote 120, na kamati isitoe hata mia. Mke wangu alikuwa anamimina chai. Akaacha kumimina.

Jumatano nikashuka Kariakoo. Mtaa wa Congo una kila kitu isipokuwa mahali pa kuweka mguu, lakini nilikuwa na hesabu yangu kwenye kikaratasi na sikuyumba. Kiboksi cha sentimita 5 kila upande: kuta nne mstari mmoja, hiyo 20, mfuniko juu na kitako chini, hiyo 15. Shiti ya manila ni kama 59 kwa 84. Zinatoka 12 kila shiti. Shiti 10, viboksi 120, kamili. Nilivyoona jibu limetoka bila baki nilijipongeza pale pale kwenye daladala, huku konda akinifokea, "Mzee, hilo bomba la karatasi lishushe, unamtoboa mama jicho!"

Nilinunua pia roli ya utepe wa dhahabu na gundi chupa moja.

"Moja tu, ticha?" muuzaji akauliza. Sijui walimu tunajulikanaje.

"Nimepiga hesabu," nikamjibu.

Ijumaa usiku nikatandaza vitu mezani. Na niseme ukweli, kukata nilikata vizuri. Kila mstari wa kukunja niliupitishia kwanza kalamu iliyoisha wino, nikibana kwa rula, ili manila ikunjike bila kupasuka. Saa nne usiku nilikuwa na misalaba 120 myeupe imepangwa kama askari wa gwaride. Nikamwita mke wangu aje kushuhudia.

Akachukua mmoja. Akaukunja, akaukunjua. Akaugeuza.

"Baba Neema, sasa gundi unapaka wapi?"

Nikamwonyesha. Yaani, nilinyoosha kidole nimwonyeshe, kidole kikabaki hewani. Ukuta wa kwanza na wa nne vilikuwa vinatazamana kama wagomvi baraza la kata, na katikati yao hakuna kitu. Mchemraba wa ubaoni hauna gundi. Wa mezani unahitaji kile kipande cha ziada pembeni cha kupachikia, na chini vingine vitatu vya kushikia kitako. Kwenye hesabu yangu havikuwamo. Hilo jibu lisilo na baki lilikuwa linanicheka tangu Kariakoo.

Madukani kumefungwa. Kesho ndiyo shughuli. Nikachukua mabaki ya manila, nikaanza kukata vipande vyembamba, kila kimoja nakikunja katikati na kukibandika kwa ndani. Kiboksi kimoja vipande vinne. Mke wangu akanipigia hesabu bila kuombwa: "Mia nne na themanini." Halafu akaenda kulala.

Gundi iliisha kwenye kiboksi cha 41.

Hapo nikakumbuka ujanja wa utotoni wa kutengenezea kishada: uji wa ngano. Unga kidogo, maji, unakoroga jikoni mpaka uvute. Unashika vizuri mno, ukikauka. Naomba msomaji alishike hilo neno, ukikauka.

Saa kumi na moja alfajiri nikamaliza. Saa mbili nikaenda kwa mama wa jirani anayepika ubuyu wa Zanzibar kuchukua kilo zangu 6, gramu 50 kila kiboksi. Ubuyu mwekundu, unang'aa, iliki inanukia mpaka barabarani, na bado wa moto.

"Mwalimu, uache upoe kwanza ukauke sukari."

"Sawa, mama," nikasema, nikaenda kuufunga wa moto.

Mke wangu alishauri kila kiboksi kitanguliwe na kifuko kidogo cha nailoni ndani. Nikampa somo kuhusu mazingira, nikamkumbusha kwamba nailoni ilipigwa marufuku. Akasema kilichokatazwa Juni 2019 ni mifuko ya kubebea, na kwamba ubuyu wa dukani hadi leo unauzwa ndani ya nailoni. Alikuwa sahihi, ndiyo maana sikumjibu.

Saa saba mchana nikapakia katoni mbili kwenye bajaji, kutoka Tabata kwenda Sinza. Jua la Dar mnalijua, na foleni ya Mandela mnaijua. Tulikaa pale mpaka dereva akazima injini. Mvuke wa ubuyu ndani, joto na unyevu nje, na viboksi 79 vimeshikwa na uji.

"Ticha," dereva akaniita akiangalia kioo, "umebeba nyama?"

Nikatazama chini. Pembe ya katoni ilikuwa imelowa, na mstari mwekundu ulikuwa umeshatambaa kwenye siti na kuingia kwenye mshono. Nikasugua kwa leso. Ukatanuka. Dereva akachukua namba yangu ya simu, "kwa ajili ya gharama za usafi," akasema kwa upole ulionitisha.

Ukumbini nilipokelewa mlangoni. Mwanaume haingii. Dada wawili wa kamati wakabeba katoni, na ndipo nilipoona sare: nyeupe, utepe wa dhahabu kiunoni. Wanawake 120 wamevaa nyeupe. Nilitaka kusema neno, lango likafungwa.

Nikakaa kwenye kigogo cha mwembe ng'ambo ya barabara. Muziki, vigelegele, muziki. Kisha MC akatangaza wageni wachukue zawadi zao, wazishike kwa utepe, wazinyanyue juu kwa ajili ya picha.

Wazinyanyue.

Utepe ulipanda na mfuniko, kuta zikafuata, kitako kikabaki na uamuzi wake. Kelele niliyoisikia haikuwa ya vigelegele. Shangazi ndiye aliyetoka kwanza, gauni limepigwa doa la ukubwa wa sahani, viganja vyekundu mpaka kwenye kucha. Akavuka barabara bila kuangalia magari.

"Unaweza wewe?" akaniuliza, kwa sauti ile ile ya siku ya kikao.

Kilichoniokoa ni MC. Nilimsikia kwenye spika: "Jamani tulieni! Bibi harusi anapakwa hina peke yake, leo kaka mtu kaamua kuwapaka wote!" Ukumbi ukaangua kicheko, mtu akaanza kuonja, wa pili akafuata, na baada ya dakika kumi, naambiwa, walikuwa wanagombania vile viboksi 41 vya gundi ya dukani.

Nikaanza kupumua. Shangazi mwenyewe akalamba kidole akakiri ubuyu ni mtamu. Simu ikaita, namba ngeni.

"Ticha, dereva wa bajaji hapa. Nina abiria wangu, bwana harusi, anaenda kufunga ndoa. Kanzu nyeupe. Kakaa ile siti. Subiri nimpe simu, anataka kuongea na wewe."